Nyamisati hadi Mafia: safari inayopangwa na maji

Waliposhuka garini Nyamisati, kivuko kilikuwa kimeshang'oa nanga. Kilionekana kwa mbali, kidogo kama kiberiti, kikipotea nyuma ya mikoko. Baba akatazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyokosea. Mama alikuwa amembeba begani mtoto wa kiume wa miaka 4, amelala fofofo. Dada yake, mwenye miaka 10, alishika kwa mikono miwili ndoo yenye mikate ya kumimina ya bibi.

Walichelewa kwa mambo ya kawaida tu. Gari la kutoka Mbagala lilichukua muda kujaa. Mkuranga wakasimama kununua maembe. Na baada ya kuiacha barabara kuu ya kusini pale Bungu, kabla ya kufika Kibiti mjini, walikuta mvua ya vuli imenyesha usiku kucha, dereva akawa anaenda taratibu. Kutoka Bungu hadi baharini ni kilomita zipatazo 40. Kwenye ramani ni kipande kifupi, lakini mwenye watoto garini anajua kwamba kilomita 40 za mwisho ndizo zenye maswali mengi: tumefika? Bado? Na sasa?

Palikuwa na boti ya mbao bado ufukweni, injini inanguruma. Ilibeba magunia ya mchele, kreti za soda, magodoro mawili na watu walioketi juu ya vyote hivyo. Kijana mmoja aliyekunja suruali hadi magotini aliwaita kwa mkono.

"Mafia, Mafia! Njooni, nafasi ipo."

"Jaketi za watoto zipo?" mama akauliza.

"Zipo za wakubwa, mama. Mtoto tunamfunga vizuri kwa kamba, inakaa."

Baba alishaanza kuinua begi. Alizaliwa Kilindoni, alivuka mlango huu wa bahari mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na karibu mara zote alivuka kwa boti za namna hiyo. Ng'ambo, mama yake alikuwa amepika tangu asubuhi. Ndugu walikuwa wamekuja kutoka kisiwa cha Jibondo kuwaona watoto.

"Baba watoto, mimi na wanangu hatupandi," mama akasema. Hakupaza sauti. Akaweka begi chini na kukaa juu yake.

Boti ikaondoka bila wao. Kwa dakika kadhaa hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Familia nyingi za Dar es Salaam na Pwani zenye asili ya Mafia huifahamu dakika hiyo, hata kama hawajawahi kuisimulia. Kuna ndege zinazotua Kilindoni, lakini nauli ya watu wanne kwa ndege ni hesabu nyingine. Wengi hupita Nyamisati, bandari ndogo ya Wilaya ya Kibiti iliyo upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Kwa miaka mingi hapakuwa na kingine isipokuwa majahazi na boti za mbao. Siku hizi kuna gati, na kipo kivuko cha MV Kilindoni kinachoendeshwa na TEMESA. Lakini kivuko kina ratiba yake, na anayekikosa hujikuta mbele ya boti nyingine yoyote iliyopo, watoto wamechoka, simu zinaita kutoka ng'ambo.

Manahodha wa boti hizo si watu wa kubezwa. Wanaujua mkondo na fungu kwa macho, na abiria wao wengi hufika. Aliyokuwa akiyafikiria mama ni mengine. Alikuwa msichana mkubwa Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, na miezi kumi tu baadaye, Julai 2012, ikazama MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa karibu kabisa na nchi kavu. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka 4. Akiingia majini linapanda juu, yeye anateleza chini na kutoka. Ukimfunga mtoto kwa kamba kwenye chombo, umemfunga kwa kitu kinachoweza kuzama.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho, na ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani. Kwa bahati ni upofu unaotibika: daktari huondoa lenzi iliyofubaa na kuweka ya bandia, na kwa wengi shughuli hiyo haimalizi hata saa moja. Mwanawe alikwishampatia nafasi ya upasuaji bara. Bibi alikataa. Mwaka uliotangulia alikataa pia. Alisema bahari ile ameshaivuka vya kutosha, na kwamba mtu akizeeka hana haja ya kuona kila kitu. Ndipo ikaamuliwa wapelekwe wajukuu. Yule mdogo alikuwa hajamwona kabisa, na kwa hali ya macho yake, huenda asingemwona tena.

Kwa hiyo kila siku iliyopotea Nyamisati ilikuwa na bei yake, na baba alikuwa na haki ya kununa.

Wakapata chumba chenye neti nzuri (delta ni nyumbani kwa mbu, na mzazi anayekwenda huko na mtoto mdogo asitegemee neti ya mwenyeji, abebe yake). Wakala wali kwa samaki wa kuchoma na kachumbari. Halafu, kwa kuwa hakuna lingine la kufanya, wakatoka kwenda kuangalia maji.

Maji yalikuwa yanakupwa. Pale boti ilipokuwa inaelea mchana, sasa palikuwa na tope jeusi linalong'aa, na juu yake maelfu ya kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wakilipunga kama watu wanaosimamisha daladala. Mtoto wa kiume, aliyekwishaamka, aliwapungia nao. Dada mtu alitaka kujua maji yamekwenda wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife kando ya njia ndiye aliyemjibu. Watoto walimwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye uzi wake. Akamweleza binti kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu, na kwamba kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huja kwa nguvu na kutoka kwa nguvu. Hiyo ni bamvua. Katikati yake ni maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Chombo kinachotoka Nyamisati kinatakiwa kipate maji ya kutosha kwenye mkono huu wa bahari, na ndiyo maana saa ya kuondoka leo si ya kesho.

"Mjini mnatazama saa ya ukutani," mzee akasema. "Huku tunatazama hii." Akanyoosha sindano yake kuelekea tope.

Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko mingine yote ya mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar. Kwa karne nyingi majahazi ya Waarabu yalikuja huku kuchukua boriti za kujengea nyumba katika nchi zisizo na miti. Leo wanaoutegemea zaidi msitu huo ni kamba, kaa na samaki wachanga, ambao hukulia katikati ya mizizi yake kabla ya kutoka kwenda bahari kuu. Kamba anayeliwa Dar es Salaam, mara nyingi, amelelewa huku.

Binti akaokota kitu kirefu cha kijani, kama maharage makubwa yenye ncha. Ilikuwa mbegu ya mkoko. Mti huu hauachi mbegu yake ianguke ikiwa mbichi. Huiotesha ingali mtini, ikaning'inia kwa mama yake miezi kadhaa mpaka iwe mche, ndipo huanguka na kujichoma topeni kama mkuki, au huelea na maji hadi ipate pa kushika. Aliiweka kwenye ndoo, pamoja na mikate.

Usiku baba alilegea. Aliwasimulia watoto hadithi aliyosimuliwa na babu yake, na hii ni historia iliyoandikwa. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg ilishambulia meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikakimbilia kwenye mikono ya delta hii na kujificha ndani ya mikoko. Waingereza waliitafuta kwa majuma. Hata walipoipata hawakuweza kuifikia, kwa kuwa meli zao kubwa zilihitaji kina. Wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kisiwa hicho kituo cha ndege zao, na ndege hizo ndizo zilizoelekeza mizinga ya meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Julai 11, 1915, manowari ile ikaishia kwenye tope la Rufiji. Wajerumani waliitoa mizinga yake na kuiburuta nchi kavu kwenda kupigania vitani. Mmoja wapo mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa.

"Meli kubwa hivyo ilisubiri maji kujaa?" binti akauliza.

"Ilisubiri," baba akasema. Hakuongeza neno, na mama, gizani, hakusema kitu.

Asubuhi walikuwa gatini mapema. Safari hii kila mtoto alipewa jaketi la kimo chake, na mama aliwafunga mwenyewe, mkanda wa kati ya miguu kwanza, kisha vifungo vya kifuani. Alikuwa amewapa chai ya tangawizi na mkate mkavu tu, bila maziwa wala mafuta, kwa sababu bahari humlevya mtoto aliyeshiba mafuta. Alibeba ndimu, mifuko ya plastiki na kanga mbili za ziada. Abiria wa pembeni, mama mtu mzima aliyeonekana kuzoea, alimwambia awakalishe katikati ya chombo, karibu na tezi, si omoni ambako panarushwa zaidi, na awaambie watazame mbali.

Kwa muda mrefu chombo kilikwenda kati ya kuta mbili za mikoko. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mazito kwa udongo ambao Rufiji huubeba kutoka mbali bara. Kisha kuta zikafunguka, upepo ukabadilika, na mbele yao pakawa na mstari juu ya bahari, kana kwamba mtu ameuchora kwa rula: huku kahawia, kule kijani. Mtoto wa kiume aliusimamia wima.

"Chai imeisha!" akapiga kelele. Abiria wakacheka.

Pale palipo karibu zaidi, Mafia iko kilomita zipatazo 20 tu kutoka kwenye delta. Njia ya Nyamisati hadi Kilindoni ni ndefu kuliko hapo, na wao iliwachukua karibu saa nne. Ilikuwa Desemba, upepo wa kaskazi. Familia inayoweza kuchagua likizo ya kwenda Mafia ichague hii, kuliko ile ya Juni, maana Juni kusi imeshika na mlango wa bahari huchafuka vibaya. Hata hivyo katikati ya njia palikuwa na mawimbi ya ubavuni, na binti, aliyejigamba tangu asubuhi, alitapika mara mbili. Mdogo wake alilala.

Kilindoni kuna gati siku hizi. Wenye umri wa baba wanakumbuka kushuka kwenye maji ya kiunoni, mizigo kichwani, watoto mabegani mwa mabaharia. Jina la kisiwa huwashangaza wageni, ingawa halina undugu wowote na lile genge la Sicily, kisiwa cha Bahari ya Mediterania. Wenyeji walikuwa Wamafia karne nyingi kabla ya magazeti ya Ulaya kulitumia neno hilo kwa majambazi. Kuhusu majambazi, jambo la kwanza ambalo mama aliliona Kilindoni ni baiskeli zilizoegeshwa bila kufuli.

La pili ni ukimya. Si ukimya wa mahali pasipo na watu. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 46,438 wilayani, na wameongezeka tangu hapo. Watu wapo, pikipiki zipo, adhana ipo, watoto wa shule wapo. Ila kila sauti husikika peke yake: nazi inaanguka, unaisikia, mtu anakuna nazi nyumba ya tatu, unamsikia. Mtoto wa Mbagala, aliyezoea muziki wa baa mbili kwa mpigo, alimuuliza mama yake kwa kunong'ona kwa nini kila mtu amelala.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani. Watoto walisukumwa mbele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Marahaba wanangu." Akanyoosha mikono, akampata yule mdogo kwa sikio kwanza, kisha shavu, kisha akamvuta mapajani na kumpapasa kichwa chote taratibu. "Huyu kichwa cha babu yake," akasema.

Ndugu wa Jibondo walikuwa wamekwisharudi. Pilau ya jana iliwekwa mezani, imepashwa moto. Na habari za Nyamisati zilikuwa zimefika kabla yao, kwa kuwa kijana wa jirani alikuwa ndani ya ile boti ya mbao. Ilifika salama, magharibi, na soda zake zote. Baba alilisema hilo kwa sauti, bila kumtazama mtu. Mama akaendelea kupakua.

Siku zilizofuata walitembea, wakimwacha bibi na hoja ya macho ipumzike, kwa sababu mzee wa pwani hasukumwi. Bahari ya upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Machi, huwa na papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wengi wanaoonekana Mafia ni wachanga bado, na hata hivyo wana mita nne hadi tisa. Hawali watu, hula viumbe vidogo mno vya majini, wakiwa wamefungua mdomo kama mlango wa gereji. Wale wa mashua waliwapa masharti kabla ya kutoka: hakuna kumgusa, hakuna kumzibia njia, mtoto asiyejua kuogelea abaki chomboni. Mdogo alibaki, akiwa na jaketi lake. Aliona kitu kirefu chenye madoadoa kikipita chini yake pole pole, kikaendelea kupita, na alikuwa hajamaliza kushangaa kilipoisha. Binti aliingia majini na baba yake kwa muda mfupi. Alipotoka hakuzungumza mpaka walipofika nchi kavu.

Siku nyingine walichukua barabara ya lami hadi Utende, upande wa mashariki. Huko ndiko lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa na kilomita za mraba 822 za matumbawe, nyasi bahari, mikoko na vijiji. Raia hulipa kiingilio chao, tofauti na cha wageni. Kutoka Utende, kisiwa cha Chole ni mwendo mfupi kwa mashua. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta za magofu mpaka haijulikani kipi kinakishikilia kipi, na popo wakubwa wa jamii inayopatikana Komoro wamening'inia mitini mchana kweupe kama nguo zilizoanikwa. Mafundi wa Chole bado huunda vyombo vya mbao kwa shoka na tezo. Mama alisimama muda mrefu akiwatazama wakipima ubao, akauliza maswali mengi kuhusu misumari.

Maji yalipojaa wakavuka hadi Juani, kwenye magofu ya Kua. Mji huu ulikuwa na misikiti, jumba la ghorofa na makaburi mengi kabla ya kuvamiwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini wenyeji wana simulizi jingine la zamani zaidi, na mwongozaji alilitoa kwa wazazi pembeni, watoto wakiwa wanafukuza vipepeo. Inasemekana watu wa Kisimani, mji wa upande wa magharibi ambao sehemu yake kubwa imeshaliwa na bahari, waliunda chombo kikubwa, na siku ya kukishusha majini waliwakamata watoto wa Kua wakawalaza ufukweni badala ya magogo, chombo kikapita juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka. Kisha wakawaalika wa Kisimani arusini, katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja mpaka akabaki mzee mmoja tu akiwaburudisha wageni. Mlango ukajengwa kwa mawe, yeye akiwa ndani.

Mama hakutaka kusikia tena. Akaenda kuwachukua watoto.

Jioni ile, baada ya isha, bibi ndiye aliyeanza. Alimuuliza mkamwana wake ni kweli yule kijana wa boti alisema mtoto atafungwa kamba.

"Ni kweli, mama."

"Na mumeo alitaka kupanda."

"Alikuwa na hamu ya kukuona."

Bibi akanyamaza kidogo, akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Halafu akasimulia jambo ambalo mwanawe alikuwa hajawahi kulisikia. Alipokuwa mke kijana alivuka kwenda bara kwa jahazi la tanga, mtoto wake wa kwanza akiwa mapajani. Upepo ukawafia katikati ya mlango wa bahari, kisha usiku ukarudi kwa hasira. Maji yakaingia. Alifua maji kwa kata mpaka alfajiri, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umemshika mtoto, na ulikufa ganzi hata hakujua kama bado ameshika. Asubuhi ile, kabla ya kupanda, alikuwa amemwambia mume wake kwamba chombo kimejaa mno. Mume akamwambia anachelewesha watu.

"Nikapanda," bibi akasema. "Mtoto alipona, huyo ni kaka yako mkubwa. Mimi sikuwahi kuipenda tena bahari."

Barazani hapakuwa na sauti isipokuwa ya bahari yenyewe, mbali kidogo.

"Wewe ulikaa juu ya begi," akamwambia mkamwana.

"Nilikaa, mama."

"Haya. Nitavuka na wewe. Huyu mwanangu abebe mizigo."

Waliondoka Ijumaa iliyofuata, baada ya baba kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mara tatu zaidi ya ilivyohitajika. Bibi alikalishwa katikati ya chombo, karibu na tezi, jaketi juu ya kanga zake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alishika mkono wa mjukuu wake mdogo njia nzima. Kila baada ya muda alimuuliza maji yana rangi gani.

"Bluu, bibi."

Baadaye: "Bado bluu."

Mawimbi ya ubavuni yalipoanza, bibi alifumba macho na kusoma kimya kimya, midomo ikicheza. Binti alimpa ndimu anuse. Mama alikaa upande wa pili, bega kwa bega naye. Baba alisimama juu ya mizigo.

"Na sasa?" bibi akauliza.

Mtoto alichungulia, akaangalia mbele, akageuka kwa furaha.

"Chai, bibi. Chai ya maziwa imerudi."

Bibi akafumbua macho, ingawa hayakumwonyesha kitu, akaugeuzia uso wake upande ambako harufu ya mikoko ilikuwa inatokea.